Daktari wa Mbwa na Kikombe cha Maji

Mimi ni mtu wa kutaja majina. Mtu akinikosea namtaja, na akimkosea ndugu yangu namtaja mara mbili. Hapa Machochwe wanasema nina mdomo wa nyongo, nami sibishi, maana nyongo yangu ina sababu. Kwa hiyo humu utamkuta Mwita Nyamhanga, jirani yangu. Utamkuta Wambura, baba yangu mdogo. Utamkuta na Magige wa duka la dawa. Hao nawataja wazi, na kama wana la kusema nyumbani kwangu wanapajua.

Lakini yule ninayetaka kumweleza hasa simtaji. Sisi tulimwita Daktari wa Mbwa, naye akaitika.

Jina hilo lilianza kama dhihaka. Kwetu mgeni akifika huuliza habari za nyumbani, kisha mvua, kisha ng'ombe. Yule mama alipofika mara ya kwanza aliwaamkia wazee vizuri, shikamoo kwa kila mmoja, akakaa, akauliza tuna mbwa wangapi. Watu walitazamana. Baba mdogo Wambura ndiye aliyemjibu. Alisema, "Mbwa hatuhesabu, binti. Tunahesabu ng'ombe, na hao hatukwambii." Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na yeye akacheka kuliko wote. Akasema basi atahesabu mwenyewe. Akahamia penye lango la zizi, akakaa juu ya jiwe, akangoja mpaka wachungaji waliporudi na mifugo, na mbwa wakifuata nyuma na ndimi nje. Akawahesabu mmoja mmoja. Kuanzia hapo alikuwa Daktari wa Mbwa.

Alizaliwa wapi, ukoo gani, baba yake nani, sijui. Kwetu ni ajabu kumjua mtu miaka yote hiyo bila kujua ukoo wake, lakini ukimuuliza habari zake alikujibu habari za mbwa wako. Nilichojua ni kwamba alisomea mifugo kwanza, kisha akasomea tena magonjwa yanayotoka kwa mnyama kwenda kwa mtu. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, mwenye sauti ya chini. Alivaa buti za mpira hata kiangazi, na kabla ya kuingia kwenye boma la mtu alijifunga kitenge juu ya suruali, akitoka anakivua na kukikunja. Katika mfuko wa koti lake kulikuwa na kipande cha sabuni ya mche. Wengine wanatembea na biblia, yeye alitembea na sabuni.

Kuhusu hiyo sabuni hakuwa na mzaha. Mtu aking'atwa na mbwa, alisema, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayomwagika, na aoshe muda mrefu, si kulowesha tu kama anayenawa kula. Mwanzoni alisema robo saa. Watu wakaitikia ndiyo, wakaenda nyumbani wakaosha kidogo, kwa sababu robo saa ya mtu asiye na saa ni kiasi gani? Alipogundua hilo aliacha habari za saa. Aliporudi mara nyingine akasema, "Osha kwa muda wa kukamua ng'ombe wawili."

Mwanamke mmoja akamuuliza, "Ng'ombe wangu au wa Mwita? Maana wa Mwita hawana maziwa."

"Wa kwako, mama. Wenye maziwa."

Mpaka leo watoto wa hapa wanaosha vidonda kwa ng'ombe wawili. Nimesikia hata kule Mbalibali wanasema hivyo. Kipimo hicho kilitoka kwetu, na yeye hakuona haya kukichukua.

Kitu kingine cha kwake kilikuwa neno "sijui". Sijapata kuona msomi anayelisema kwa raha kama yule. Siku moja kwenye mkutano wazee walimuuliza kama fisi nao wanaeneza kichaa cha mbwa kama mbwa wenyewe, na kwa nini mbwa wa upande huu wa mto wanaugua mwaka mmoja na wa upande ule mwaka mwingine. Lile la fisi alilijibu nusu, kisha akasema nusu iliyobaki haijui. Lile la mto akasema halijui kabisa. Baba mdogo Wambura hakuvumilia. Akamuuliza amesoma mpaka mvi zimemtoka, kisha hajui?

Akamjibu, "Mzee, ningekuwa najua ningekaa kwangu. Nimekuja kwa sababu sijui."

Sasa mlinganishe na Magige wa duka la dawa. Magige alijua kila kitu. Homa ni malaria. Kama si malaria ni taifodi. Kama si taifodi, ni zote mbili, na sindano zipo. Kwa Magige hukuondoka bila jibu na hukuondoka bila dawa. Watu wetu walimpenda kwa hilo. Mimi ningekuwa na uwezo ningeandika neno "sijui" juu ya mlango wa kila duka la dawa kuanzia hapa mpaka Tarime.

Na alikuwa mtu wa kuomba ruhusa mpaka inaudhi. Akitaka damu ya mbwa, damu ya mbwa tu, matone, alikaa chini na mwenye mbwa, akamsomea karatasi yake polepole, kisha akasema, "Sasa niambie wewe, nimekuomba nini?" Ukikosea alianza upya. Mimi niliishia darasa la nne, na nilikuwa naogopa kuulizwa maswali baada ya kusomewa, lakini yeye alifanya ionekane kama ni yeye ndiye anayefanya mtihani. Mwisho alisema kwamba una haki ya kukataa, na ukikataa hatakununia. Mzee mmoja alikataa makusudi, apate kuona kama atanuna. Hakununa. Alikunywa chai ya yule mzee, akaaga. Wiki iliyofuata mzee akamtumia salamu kwamba mbwa wake wanamngoja.

Ninaeleza hili la ruhusa kwa sababu linahusika na kaka yangu.

Kaka yangu Chacha alikuwa na ng'ombe wa rangi ya udongo mwenye baka jeupe usoni, aliyetoka kwenye mahari ya dada yetu. Kiangazi kimoja ng'ombe huyo alianza kutoa udenda, akawa analia kwa sauti iliyokwaruza, anataka kumeza anashindwa. Mfugaji yeyote wa hapa atakwambia hiyo ni nini. Majani yakikauka ng'ombe wanatafuta chumvi, wanatafuna mifupa wanayookota porini, na mfupa hukwama. Kwa hiyo unafanya kile ambacho baba yako alifanya: mmoja anabana taya, mwingine anaingiza mkono kooni na kuutoa huo mfupa. Chacha aliingiza mkono. Meno yakamkwaruza vidole. Alipochoka nikaingiza mimi, mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko. Tulipapasa, mfupa hatukuupata. Ng'ombe akafa, tukasema bahati mbaya, tukanawa mikono kama tunavyonawa siku zote.

Tusichojua sisi, Mwita Nyamhanga alikijua. Kabla ya hapo mbwa wake, dume jekundu aliloliita Askari, alikuwa amekuja kisimani amebadilika, anapepesuka, anang'ata hewa. Akamng'ata ng'ombe wa Chacha mdomoni wakati anakunywa. Akamng'ata na mtamba wa Mwita mwenyewe. Mwita aliona kwa macho yake. Akamuua Askari kwa rungu, akamzika nyuma ya shamba lake la muhogo, akanyamaza. Kwa nini? Kwa sababu kwetu mbwa wako akiharibu mali ya mtu, wazee wanaitisha ritongo, baraza lao, na unalipa ng'ombe. Mwita aliogopa kutoa ng'ombe. Namtaja tena: Mwita Nyamhanga.

Wiki zikapita. Chacha akaanza kusema mkono unamwasha kama umepitiwa na siafu. Kisha homa. Magige akaja na malaria yake, akamtundikia dripu, akaja na taifodi yake. Kisha ikaja siku ambayo mke wa Chacha, shemeji yangu Bhoke, alimletea maji kwenye kikombe cha bati. Chacha alipokiona kikombe koo lilijikaza, macho yakamtoka, akajitupa ukutani kama aliyeona chatu. Bhoke akajaribu tena kwa upole. Ikawa mbaya zaidi.

Baba mdogo Wambura alikuwepo. Akasema, mbele ya watu wote waliokuja kumjulia hali, "Mwili unamjua adui yake. Tazameni anachokikataa. Anakataa mkono wa huyu."

Basi. Neno kama hilo kwetu halihitaji miguu. Kabla jua halijasogea, boma zima lilikuwa linamtazama Bhoke kwa pembeni, na wanawake waliokuwa wanamsaidia kupika wakakumbuka kazi za nyumbani kwao.

Mimi nilikuwa na namba ya Daktari wa Mbwa, maana alimpa kila mtu, pamoja na maagizo kwamba tukisikia mtu anaogopa maji tumpigie hata akiwa kanisani. Nikapiga. Asubuhi yake alifika, akajifunga kitenge chake, akasimama mlangoni akamtazama Chacha. Kisha akanitoa nje.

Akaniuliza kama Chacha aling'atwa na mbwa. Nikasema hapana. Akaniuliza alishika mnyama gani mgonjwa. Nikamweleza habari ya ng'ombe na mfupa ambao haukuwepo. Nilipofika hapo akashika mkono wangu wa kulia, akaugeuza huku na huku.

"Na huu nao uliingia?"

"Uliingia."

Kuanzia siku hiyo hakuniita tena jina langu. Aliniita Bwana Mkono.

Hakunificha. Alisema mtu akishaanza kuogopa maji, hakuna dawa duniani ya kumrudisha. Ipo ya kumtuliza, ameileta. Mimi sijaanza, kwa hiyo mimi naondoka naye kwenda hospitali ya Mugumu siku hiyo hiyo. Halafu akauliza kwa nini yule mwanamke amekaa peke yake jikoni. Nikamwambia alichosema Wambura. Nilimwona akikasirika mara moja tu katika miaka yote ile, na ni hapo. Hakupaza sauti. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaingia ndani.

Chacha hakuwa amerukwa na akili muda wote. Ugonjwa ule unakuja na kuondoka kama mawimbi ya homa, na katikati mtu anakuwa yeye mwenyewe, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Daktari alipiga magoti karibu naye. Akamwambia, tena mbele yetu, kwamba watu wanasema anakataa mkono wa mkewe. Akamwambia kuna njia ya kuwaonyesha kuwa si mkono bali maji, lakini njia yenyewe itamuumiza. Akasema ana haki ya kukataa, na akikataa hatamnunia.

"Sasa niambie wewe, Chacha, nimekuomba nini?"

Kaka yangu akavuta pumzi kwa shida. Akasema, "Unataka wanione naogopa. Ili wamwache." Kisha akasema, "Fanya."

Daktari akachukua kikombe kile kile cha bati, maji yale yale. Akamgeukia Wambura. "Mzee, mpe wewe."

Wambura alisita, lakini angesema nini? Akakipokea, akakipeleka. Chacha alijirusha vile vile, koo vile vile, macho vile vile, mbele ya baba yake mdogo aliyemfundisha kuchunga. Daktari akasema mwingine. Nikampa mimi, ndugu yake wa tumbo moja. Vile vile. Kisha akamwita Bhoke kutoka jikoni. Akamwambia aje mikono mitupu, akae, amshike mumewe mkono. Bhoke akakaa, akaushika. Chacha akatulia. Akaegemea bega la mkewe akafumba macho.

Daktari akamwaga maji nje, akampa Chacha dawa ya kutuliza, akakaa naye mpaka usingizi ulipomchukua.

Njiani kwenda Mugumu, mimi nikiwa nalia kimya, aliniambia kwamba kazi yake yote ni hiyo. Unabadilisha kitu kimoja, vingine unaviacha vilivyo, unatazama. Ukibadilisha mkono na ugonjwa usibadilike, basi si mkono. Wakubwa wake huko wanafanya hivyo kwa mashine na kwa watu wengi mno, lakini ni hicho hicho. Mimi wa darasa la nne nikauelewa utafiti siku ile, na sijausahau.

Chacha alikufa. Na ungefikiri hapo Wambura angenyamaza. Baada ya mazishi akasema Daktari naye amerogwa, ndiyo maana anamtetea. Bhoke akafukuzwa pamoja na binti yake Rhobi, akarudi kwao Mbalibali, na mlango wa nyumba yake hapa kwetu ukafungwa kwa miiba. Watu wakawa wanazunguka mbali wasipite mbele ya nyumba ile. Ndiyo hiyo nyongo yangu. Kaka yangu alikubali kuumia ili mkewe aachwe, na hawakumwacha.

Mimi nilichomwa sindano. Walinichoma kwenye ngozi, si kwenye msuli kama zamani, na Daktari alinieleza kwamba huo ulikuwa ni ujuzi uliotokana na utafiti, maana kwenye ngozi dawa kidogo inatosha, na chupa moja inasaidia watu kadhaa badala ya mmoja. Sikuamini kidogo kinatosha. Kila asubuhi, kabla sijasalimia mtu, nilikunywa maji. Nilikishika kikombe kwa mikono miwili, nikakitazama, nikangoja kuona kama koo litakataa. Likikubali, nilitoka nje kuamkiana na watu. Mke wangu alinizoea. Hata leo nafanya hivyo, nimezeeka nayo.

Kilichowafumbua watu macho ni mtamba wa Mwita. Naye alianza udenda na sauti ya kukwaruza. Safari hii hakuna aliyeingiza mkono. Alipokufa, nilipita nikaona ndoo yenye kichwa cha mtamba inapakiwa kwenye gari la Daktari kikapimwe ubongo, nyumbani kwa Mwita, na Mwita amesimama kando kama mtu aliyenyeshewa. Nikakumbuka kwamba Askari sijamwona siku nyingi. Nikajumlisha.

Majibu ya maabara yalipotoka wazee waliitisha ritongo, na Daktari akaombwa aje. Alisimama akasema ng'ombe amepimwa na ni kichaa cha mbwa, ugonjwa ule ule aliokufa nao Chacha, na hautoki kwa mke wala kwa jicho la mtu, unatoka kwenye mate ya mnyama. Wazee wakamuuliza ni ng'ombe wa nani. Akasema hilo hasemi. Mtu akimpa habari kwa siri, ni siri. Wakambana, na bado akakataa. Alisema, "Nimewaambia ng'ombe. Mwenye ng'ombe simsemi."

Hapo tulitofautiana, mimi na yeye. Nikasimama. Nikasema, "Mimi sijala kiapo chake. Mwita Nyamhanga, mura, kama u mwanamume, simama useme Askari umemzika wapi."

Mwita alisimama. Akasema ni kweli. Akasema aliogopa kutoa ng'ombe mmoja. Mzee mmoja akamwambia taratibu, "Ulihofia ng'ombe mmoja, ukatoa mtu." Wakaamua alipe, na alipe kwa Bhoke. Wambura aliangalia miguu yake mpaka mkutano ukaisha. Bhoke alirudi. Miiba nimeitoa mimi mwenyewe kwa mkono huu.

Nilipomfuata Daktari kwenye gari nikamlaumu, kwamba angeweza kusema mapema, angemwokoa shemeji yangu na aibu ya miezi yote ile. Alikubali. Alisema inawezekana. Lakini akasema siku atakayomtaja mtu mmoja, hakuna mwingine atakayemletea kichwa cha ng'ombe, na watu watazika mbwa wao nyuma ya muhogo mpaka mwisho wa dunia. Sijakubaliana naye mpaka leo. Ila vichwa vililetwa kweli. Vilikuja kwenye ndoo na kwenye magunia. Kimoja kililetwa kwa baiskeli na mganga wa kienyeji, ambaye Daktari aliwahi kumfuata kwake, akakaa kwenye kigoda chake, akamwomba kwamba akimaliza kutibu kwa dawa zake amtume mgonjwa na kwake pia.

Usidhani alikuwa malaika. Alitusema kwa kuchelewa, na yeye kila mara alichelewa. Alishika mbwa mkali kwa shingo kama anayeshika kuku, lakini akiona kinyonga alikimbilia ndani ya gari na kufunga vioo. Alituhubiria tufunge mbwa, naye mwenyewe hakufuga hata mmoja. Nilipomuuliza alisema hana muda wa kumtunza, na mbwa asiyetunzwa anamjua vizuri mno.

Kule Tarime kwenye machimbo ya dhahabu, ambako kuna watu wa kila mkoa na kila mmoja ana mbwa wa kulinda mawe yake, alimfuata kijana mmoja aliyeng'atwa na kutoroka sindano zilizobaki, shimo hadi shimo, akiinama na kuita jina lake ndani ya mashimo. Wachimbaji walidhani ni mama yake. Alipompata, kijana akasema amepona, kidonda kimefunga. Akamwambia kidonda si ugonjwa, panda juu. Na mfanyabiashara mmoja pale Sirari mpakani, alipoulizwa cheti cha chanjo cha mbwa aliyemtoa ng'ambo, alimjibu, "Daktari, hii mbwa haina hata pasi, na wewe unaitisha cheti?" Daktari alilicheka hilo wiki nzima. Lakini mbwa alichanjwa.

Sasa niseme la fahari yetu. Shida ya chanjo ya mbwa ni baridi. Inataka friji, na friji inataka umeme, na umeme wetu unajulikana. Watafiti wakajaribu kuiweka kwenye chungu: chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga katikati, maji juu ya mchanga, na gunia bichi la kufunika. Akina mama wa hapa walicheka, maana ndivyo bibi zao walivyopoza maji ya kunywa. Kisha watafiti wakapima damu za mbwa waliochanjwa kwa dawa ya friji na damu za waliochanjwa kwa dawa ya chungu, wakalinganisha. Kitu kimoja kimebadilika, vingine vimebaki. Zile za chungu zikawa sawa na za friji. Wageni walikuja na kamera kupiga picha chungu. Daktari aliniambia watu wa mbali sana wamesoma habari za mbwa wetu. Mbwa wetu, waliokuwa hawahesabiwi.

Na chungu cha kwetu kiwekwe wapi? Alizunguka na mwenyekiti wa kijiji akitafuta nyumba yenye kivuli, yenye mtu makini. Mwenyekiti akapita haraka mbele ya nyumba ya Bhoke. Daktari akasimama, akauliza hii je. Mwenyekiti akakohoa, akasema hii watu bado wanaogopa kidogo. Daktari akasema, "Basi hapa hapa." Ikawa hivyo. Nyumba waliyoizunguka kwa mbali ndiyo anayoijia kila mwenye mbwa, anabisha hodi, anamngoja Bhoke afunue gunia.

Mara ya mwisho kumwona ni siku ya chanjo, hapo hapo kwa Bhoke. Alikuwa amestaafu, amekuja kama mgeni na vijana waliochukua kazi yake. Mimi ndiye mshika mbwa wa kijiji, na bwana mifugo ndiye anayechoma. Mwita Nyamhanga alikuja na mbwa mchanga kwenye kamba. Akabisha, "Hodi, Mama Rhobi." Bhoke hakumjibu salamu. Alifunua gunia, akatoa chupa, akampa bwana mifugo. Mimi nikamshika mbwa wa Mwita mdomo, akachanjwa. Mwita sijamsamehe. Mbwa wake hana kosa.

Kazi ilipopungua nikaenda kukaa na Daktari kwenye benchi.

"Bwana Mkono. Shikamoo hutoi?"

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Bado unataja majina?"

Nikamwambia nataja, na sasa nataka kuyaandika, nimeanza, mwalimu wa hapa atanirekebishia herufi. Kisha akasema kama ninaandika waliokosa, na yeye nimwandike, jina lake lote. Nikamuuliza amekosa nini. Akasema, "Nilimpa mgonjwa maji nikijua yatamtesa. Mara tatu. Hakuna kitabu kinachoruhusu hilo. Na mkewe wakamfukuza bure vile vile."

"Ulimwomba ruhusa."

"Mtu anayekufa anakubali mengi."

Nikamwambia tu kwamba mimi nilikuwepo, na nilimwona kaka yangu akiegemea bega la mkewe, na Bhoke alimwona, na hicho ndicho alichobaki nacho kule Mbalibali alipokuwa anaitwa mchawi. Nikamwambia, "Nje ya ndugu zangu, mimi nataja wenye makosa tu. Kwenye maandishi yangu wewe huna jina."

Aligeuza uso akawatazama mbwa.

Bhoke alikuwa amesikia. Akaingia ndani, akatoka na maji kwenye kikombe cha bati, akampa kwa mikono miwili. Daktari wa Mbwa akakipokea, akanywa polepole mpaka mwisho, akamrudishia kikombe.

Akasema, "Ongeza."